Jicho la Madam Lisiingie Ukungu

Mtu akiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kustaafu, namwambia nilikuwa nalisha nyani. Maswali huisha hapo. Wachache wanaoendelea kuuliza ndio ninaowaambia ukweli wote: kwamba hapa Nakuru, kwenye kituo kidogo cha utafiti kando ya barabara ya kupanda Dundori, mwaka wa 2007 na 2008 nilikuwa mlinzi wa jicho moja. Jicho lenyewe lilikuwa la nyani jike, na kioo chake cha mbele kilikuwa cha nguruwe. Hapo wananitazama, halafu wananiuliza kwa upole kama nimemeza dawa zangu za presha.

Ninyi vijana mliochukua funguo zangu mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Sitawaandikia vyeo. Vile nilivyopata mtavikuta kwenye faili, na kuvisoma hakutawachelewesha chai. Nitawaandikia yale ambayo faili haina.

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka mingi kabla ya hayo ya jicho, nilivaa viatu vya kanisani. Mimi ni mtoto wa nyumba za reli. Baba yangu alitoka magharibi kuja kutengeneza breki za mabehewa, na kwetu kazi mpya ilikuwa inaendewa kwa heshima. Mzee Kiprono, aliyekuwa mkuu wa watunza wanyama, aliviangalia vile viatu, akaniangalia na mimi.

"Mama Wafula, leo ni harusi ya nani?"

Kabla sijajibu, nyani mmoja akavirushia kitu ambacho sitakitaja. Mzee Kiprono akanipa gambuti na kitambaa, na masomo yakaanza. Usimkazie nyani macho. Usicheke ukionyesha meno, kwa sababu kwake hayo ni matusi. Na juu ya yote, usimdanganye. Ukimwonyesha njugu, mpe njugu. Ukiwa na dawa chungu, mwonyeshe kwamba ni dawa chungu, aimeze akijua, halafu umlipe. Sehemu nyingine wanaficha dawa ndani ya ndizi. Mzee Kiprono alikuwa anasema hao ni matapeli, na nyani hamsahau tapeli.

Nikamwuliza nitajuaje kwamba nimeiweza kazi.

"Siku nyani atakapokushika nguo na kukuchambua, akitafuta uchafu vile wanavyochambuana wenyewe kwa wenyewe, hapo ndipo umeandikwa kazi," akasema. "Hiyo barua umepewa na ofisi ni karatasi tu."

Nilicheka, mdomo nimeufunga. Miaka ikapita, Mzee Kiprono akastaafu akarudi kwao Kericho, na hakuna nyani aliyewahi kunichambua hata kitufe.

Kisha akaja Daktari Akinyi. Alikuwa daktari wa mifugo aliyeongeza masomo ya upasuaji, mwanamke mrefu, mwenye haraka ya kutembea na haraka ya kusema. Alinieleza kazi yake tukiwa tumesimama kwenye zizi. Huku kwetu kuna watu wengi ambao jicho lao halijafa, ila kile kioo cha mbele kimeharibika: mwiba, chokaa, ugonjwa wa utotoni. Wakiwekewa kingine wataona. Lakini cha kuwawekea hakipatikani, maana sisi tunapenda kuzika wapendwa wetu wakiwa kamili, bila kupungua kitu, na sioni kama tutaacha karibuni. Jicho la nguruwe linakaribiana sana na letu. Nguruwe nao hatuwaziki.

"Sasa shida iko wapi?" nikauliza.

"Shida ni mwili kukataa," akasema. "Mwili una askari wake kwenye geti. Seli za nguruwe zina sukari fulani juu yake ambayo nyani hana na sisi hatuna. Askari akiiona tu, anapiga filimbi. Jicho linavimba, linaingia ukungu, basi, kazi imekwisha. Kwa hivyo kushona kile kioo ni kazi ya asubuhi moja. Kuwatuliza askari ni kazi ya kila siku, na hiyo ndiyo ninayokupa wewe."

Nikasema sawa. Sikuwa nimewahi kuambiwa na daktari kwamba kazi ngumu ndiyo yangu.

Nyani tuliyemchagua tulimwita Madam, kwa sababu alikuwa anatutazama kama mwalimu mkuu anayesubiri maelezo. Alikamatwa kwenye mashamba ya Kabazi, alikokuwa anavuna mahindi ya watu, jicho lake la kushoto likiwa limekwaruzwa na seng'enge mpaka likawa jeupe. Nguruwe naye alitoka shamba la Kabazi hiyo hiyo. Kwa hivyo inawezekana walikuwa wanafahamiana. Daktari alitoa kipande chembamba kwenye jicho la nguruwe, akakishona kwenye lile jicho baya la Madam kwa uzi usioonekana vizuri bila darubini, na asubuhi hiyo mimi kazi yangu ilikuwa kushika kichwa na kuomba Mungu kimyakimya. Nyama ya yule nguruwe haikuliwa, ingawa dereva aliuliza mara mbili.

Kanuni ya utafiti ilikuwa wazi, na Daktari alinisomea bila kuzungukazunguka. Mwili wa Madam ukilikataa lile jicho, atalazwa usingizi wa mwisho, jicho litolewe, likachunguzwe. Likibaki safi mpaka Profesa wa macho aje kutoka Nairobi kulikagua, Madam ataishi kituoni mpaka azeeke. Tangu siku hiyo nikaelewa kwamba ukungu ukiingia, si jicho tu litakaloondoka.

Basi nikamfundisha Madam kwenda posta. Posta ilikuwa ubao mnene tuliofunga kwenye wavu wa chumba chake, wenye tundu moja la jicho na upenyo wa mkono chini yake. Anakuja mwenyewe, anaweka jicho la kushoto kwenye tundu, natia matone, anatoa mkono, nalipa njugu. Kumzoesha kulichukua miezi, na katika miezi hiyo nilisema "pole pole" mpaka mume wangu akaniomba niliache neno hilo kazini. Mbali na matone, kulikuwa na dawa ya kumeza, ile ya kutuliza askari wenyewe. Tuliiita dawa kubwa. Ilikuwa mafuta mazito yanayonuka, kwenye kijiko, na Madam alikuwa anayameza amekunja uso wote, halafu anatoa mkono hata kabla hajamaliza kumeza. Kila siku nilimpima pia: njugu na kokoto ndogo juu ya kiganja changu, yeye anachungulia kwa jicho la kushoto peke yake. Mwanzoni alikuwa anapapasa. Baadaye akaanza kuchukua njugu moja kwa moja, na kokoto ananiachia kwa dharau.

Nilikuwa na fahari jamani, nisiwafiche. Kila mwisho wa mwezi Daktari alilimulika lile jicho kwa tochi yake, akasema "safi", na mimi nikatembea mpaka stendi kana kwamba nimelishona mwenyewe.

Ndipo ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi yakaja yale machafuko mnayoyajua. Mwanzo wa 2008 barabara ya Nairobi ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Kwetu mtaa wa Free Area tulikuwa tunaangalia moshi na kuhesabu watoto. Daktari akaniambia nihamie kituoni na familia yangu, nikahamia. Chakula hatukukosa, maana Baba Njeri, mkulima wa Dundori aliyekuwa anatuletea viazi na kabichi za wanyama, aliendelea kuja kwa njia za ndani. Kilichokosekana ni dawa kubwa. Ilikuwa inatoka Nairobi, na gari lililoibeba lilikuwa limerudi njiani. Chupa yetu ilikuwa karibu kuisha.

"Tukipunguza kipimo askari wataamka," Daktari akasema. "Tukiendelea hivi, itaisha na bado wataamka."

Huko nje watu walikuwa wanaulizana majina ya ukoo kabla ya kupishana, na sisi tulikuwa tumekaa jikoni tunahangaika mwili mmoja ukubali kipande cha mwingine. Sikuisema kwa sauti, lakini Daktari alinitazama, nikaona naye ameiwaza.

Asubuhi moja iliyotulia kidogo niliteremka mjini nikagonga mlango wa nyuma wa duka la dawa la Bwana Harjit. Familia yake ilikuwa na duka pale tangu babu yake, na mimi nilimjua tangu akiwa kijana anayefagia barazani. Alifungua kidogo, kilemba kikatangulia.

"Mama, leo hata paka hatembei! Wewe umetoka wapi?"

"Natafuta dawa ya nyani."

"Ya nyani? Watu wenyewe hawana!" Akaniingiza ndani haraka. Nilipomtajia jina la dawa, akaacha kutania. "Hiyo siwezi kupata. Hiyo ni ya watu waliowekewa figo. Lakini ngoja. Kaka yangu mkubwa yuko India, aliwekewa figo ya dada yetu. Anakunywa hiyo hiyo. Na kando yake daktari wake alimpa kidonge cha mashilingi."

"Mashilingi haya, mabaka ya kichwani?"

"Haya haya ya watoto! Nilimpigia simu nikamcheka, nikamwambia uzee huu umeshikwa na mashilingi? Akasema hapana, kidonge hicho kinalichelewesha ini, ile dawa nyingine isitoke mwilini haraka. Kidogo inafanya kazi ya nyingi." Akapanda kiti, akashusha pakiti za juu kabisa. "Mpelekee Daktari wako aamue. Na huyo nyani akipona, mwambie dirisha langu asilivunje. Mengine yamevunjwa tayari."

Nilipomweleza Daktari Akinyi, alijipiga paji la uso. "Nimeisoma hiyo! Nimeisoma kabisa, na sikuikumbuka!" Akampigia mwenzake waliyesoma pamoja, wakabishana juu ya vipimo mpaka kredo ya simu ikaisha, akaweka simu chini. Tungepunguza sana ile dawa kubwa, tuongeze kidonge kidogo, na damu ya Madam tuipime hapo kituoni, figo na ini. Akitapika au akiacha kula, tunasimamisha. Ilikuwa hatari, alinieleza hivyo. Lakini ile nyingine, ya dawa kuisha, ilikuwa ya uhakika.

Sasa sikilizeni vizuri, vijana. Kesho yake nilitoka kwenda kupokea viazi kwa Baba Njeri, na njia ikanichelewesha. Daktari akaona saa ya dawa inapita. Kile kidonge ni kichungu kupindukia, akaogopa Madam atakikataa. Basi akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye haraka na moyo mzuri angefanya. Akakificha ndani ya kiazi kilichochemshwa.

Niliporudi kulikuwa kimya. Kiazi kilikuwa kimebandikwa ukutani, na Madam alikuwa amekaa pembeni kabisa, ametupa mgongo.

"Daktari, umefanya nini?"

"Nimekiweka kwenye kiazi tu."

"Woi, Daktari! Aki Daktari!"

"Si angekitema kikiwa wazi?"

"Angekitema leo, kesho angekimeza. Sasa hatamwamini mtu."

Na hakumwamini. Hakuja posta siku hiyo wala iliyofuata. Chakula tulichomtupia alikipasua vipande vipande, akakinusa, akala nusu. Bila posta hakuna matone, hakuna dawa kubwa, hakuna kidonge. Tungeweza kumlaza kwa sindano ya mbali, lakini huwezi kumlaza nyani kila saa ya matone, na dawa ya usingizi nayo ilikuwa inakaribia kwisha. Siku ya tatu alipogeuka kwenye mwanga wa dirisha niliuona. Ukingoni mwa lile jicho, upande wa chini, ulikuwepo weupe mwembamba, kama kioo ambacho mtu amekipumulia.

Daktari alitoka nje. Nilimkuta ameegemea tangi la maji, analia.

"Ni mimi, Mama Wafula. Nimemuua kwa kiazi."

Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa nimeibeba siku tatu. Ikaniishia hapo hapo. Nikamwambia hajafa, na nikaenda kumpigia Mzee Kiprono.

Nilimwambia tu kwamba nyani amegoma kuja kwenye ubao, naye hakunisalimia hata. "Nani amemdanganya?"

"Si mimi, Mzee."

"Sijauliza kama ni wewe. Sikiliza. Usimletee utamu, atajua ni rushwa. Mpe mgongo. Kaa pale kwenye ubao, geuka, kula chakula chako. Dawa iweke mahali anaiona. Na huyo aliyemkosea akae pia. Usimwite."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yeye aamue. Wewe una haraka ya wapi? Si barabara zimefungwa?"

Basi tukakaa. Mimi na daktari wa upasuaji, juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, migongo kwa Madam, tunatafuna viazi. Kidonge kilikuwa kimesagwa kwenye kijiko na asali kidogo juu ya ubao, wazi kabisa, na kando yake njugu zote tulizobaki nazo. Mgongo wangu ulikuwa unawasha kwa hamu ya kugeuka. Nilikuwa naliona lile jicho akilini likizidi kufunga. Daktari alizoea kufanya kila kitu mbio, na kule kukaa kulimtesa kuliko mimi. Mara moja akaninong'oneza, "Na asipokuja?" Nikamwambia ale kiazi chake.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa ziwa tuliposikia kucha zikigusa mbao. Hatukugeuka. Zikagusa tena, kwa nguvu, vile mtu anavyogonga kaunta akiona karani anapiga hadithi. Nikageuka pole pole, macho chini. Jicho la kushoto lilikuwa kwenye tundu.

Nilimwonyesha kijiko. Alikinusa. Akanitazama, akamtazama Daktari kwa muda mrefu sana, na nawaambia sijawahi kuona mtu mwenye digrii nyingi akitazamwa hivyo. Kisha akameza. Uso wote ukakunjamana, akapiga ubao kofi, akatoa mkono. Nikamlipa njugu zote. Nikatia matone, na Daktari alikuwa ananishika bega mpaka likauma.

Toka hapo Daktari hakuwahi kumficha mnyama yeyote kitu. Aliongeza matone, alipima damu kila alipoweza, na ini likastahimili. Ule weupe ulisimama kwanza. Halafu, asubuhi moja, nilidhani ni mwanga unanidanganya, nikamwita Daktari na tochi yake. Ulikuwa umerudi nyuma. Tuliruka pale kama wasichana wa shule, midomo tumeifunga ili Madam asidhani tunamtukana.

Barabara ilipotulia kabisa, boksi la dawa kubwa likafika, na baada ya wiki chache akafika Profesa mwenyewe, mzee mpole mwenye sauti ndogo. Nilivaa sweta yangu ya buluu, ile nzuri. Alikaa kwenye ndoo yangu, akawasha taa yake ndogo, akalichungulia jicho la Madam kwenye tundu, juu, chini, pembeni. Daktari Akinyi alikuwa amesimama nyuma yake bila kupumua. Mimi nilikuwa naangalia mkono wa Profesa, kwa sababu uso wake haukuwa unasema kitu.

"Ni safi," akasema hatimaye. "Lakini jicho linaweza kuwa safi na lisione. Anaona?"

Nikatoa njugu na kokoto. Madam akachukua njugu. Nikabadilisha mikono, akachukua njugu. Profesa mwenyewe akajaribu kwa kiganja chake, akachukua njugu, na kokoto akamrudishia. Profesa akacheka, akazima taa, akasema inatosha, huyu aachwe aishi.

Sisi tukaanza kuinuka. Madam hakuondoka kwenye tundu. Mkono wake ukatoka tena kwenye upenyo, nikadhani anadai. Nikamwonyesha kiganja kitupu, maana sidanganyi. Hakukitaka kiganja. Alishika mkono wa sweta yangu, akauvuta taratibu mpaka karibu na lile jicho, akaanza kuitenganisha sufu kwa vidole viwili. Alitazama kwa kile kioo cha nguruwe wa Kabazi, akapitisha kidole, akarudi nyuma kidogo, kisha akachomoa kitu ambacho mimi, kwa macho yangu mawili na miwani juu yake, sikukiona. Akakikagua. Akakila. Akaendelea kutafuta kingine.

"Ametoa nini hapo?" Profesa akauliza.

Nilikuwa nalia, na mkono wenyewe nisingeuondoa hata kituo kikiwaka moto. Daktari Akinyi, ambaye nilishamsimulia maneno ya Mzee, ndiye aliyebonyeza simu yangu, akaniwekea sikioni.

"Mzee Kiprono," nikasema, "leo nimeandikwa kazi."

Nilimsikia akipenga kamasi.

"Hongera, mama," akasema. "Sasa kesho ufike mapema."